Taa ya sola inawakaje bila moto? Elektroni ndani ya matabaka membamba

Kila tunapozungumzia umeme wa jua hewani, maswali mawili hurudi. La kwanza: inakuwaje kipunje cha LED kisichozidi mbegu ya mtama kiangaze chumba kizima cha tembe, bila utambi, bila moshi, wakati kibatari kinachokunywa mafuta ya taa usiku kucha kinamulika kona yake tu? La pili huja kwa uchungu: mtu kanunua taa mnadani, boksi limeandikwa wati 200, na ilipofika saa mbili usiku ikazima. Kadanganywa, au kaitumia vibaya?

Majibu yote mawili yako ndani ya kile kipunje. Humo mna matabaka membamba kupita kiasi, na ndani ya matabaka hayo kuna elektroni, vile vijichembe vya umeme, ambazo hunaswa na kutoa mwanga. Hakuna mwanasayansi aliyeziona kwa macho. Tabia zao zilijulikana kwa sehemu kubwa kwa njia moja: kumulika tabaka, kisha kusoma rangi zinazomezwa na rangi zinazorudi. Tunaeleza hapa jinsi ilivyofanyika, na baadhi ya mambo haya unaweza kuyajaribu mwenyewe kwa simu uliyoishika.

Itazame ikiwa imezimwa

Geuza simu yako uangalie taa iliyo karibu na kamera ya nyuma. Ikiwa imezimwa, kwenye simu nyingi utaona doa la njano. Ikiwashwa, mwanga wake ni mweupe. Hilo doa tutalirudia baadaye. Chini yake kuna kipande kidogo cha fuwele, na hicho ndicho taa yenyewe.

Shaba hupitisha umeme, mti mkavu haupitishi. Kati ya hivyo viwili kuna vitu vinavyopitisha kwa masharti, na wataalamu huviita nusu vipitishi. Silikoni iliyo kwenye paneli ya jua ni nusu kipitishi. Fuwele ya LED nyeupe ni ndugu yake, ila imetengenezwa kwa madini ya galiamu pamoja na naitrojeni.

Fikiria nyumba yenye uchaga wa kuwekea nafaka. Gunia linaweza kukaa sakafuni au juu ya uchaga. Katikati hapana pa kulikalisha. Elektroni ndani ya nusu kipitishi nazo ziko hivyo. Nyingi ziko sakafuni, zimesongamana na hazina pa kwenda. Chache ziko juu, zinatembea kwa uhuru. Katikati ni mwanya, na hakuna elektroni inayoweza kusimama hapo. Umeme wa betri huzipandisha elektroni. Moja ikianguka kurudi kwenye nafasi iliyo wazi chini, nishati iliyotumika kuipandisha lazima itoke, na katika fuwele nzuri hutoka kama mwanga. Uchaga ukiwa wa kimo kidogo, mwanga ni mwekundu. Ukiwa mrefu, mwanga ni wa bluu. Ukiwa mfupi zaidi ya ule wa mwekundu, mwanga hutoka lakini macho yetu hayauoni.

Huo usioonekana unaweza kuukamata. Chukua rimoti ya televisheni au ya king'amuzi, ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe chochote huku ukitazama kioo cha simu. Utaona ncha ya rimoti ikimetameta, nyeupe au zambarau, ingawa kwa macho ya kawaida haina kitu. Kamera ya nyuma ikigoma jaribu ya mbele, maana simu nyingine zina kichujio cha kuuzuia mwanga huo.

Kimo cha uchaga hupimwa kwa elektronivolti, na uzuri wa kipimo hicho ni kwamba kinaendana na volti za betri yako. Mwanga mwekundu unahitaji elektronivolti 1.9 hivi, wa bluu, ambao ndio msingi wa taa nyeupe, unahitaji kama 2.75. Ndiyo maana betri kavu moja ya volti 1.5 ikiunganishwa moja kwa moja na LED nyeupe haitaiwasha, hata ikiwa mpya kabisa. Balbu ya zamani ya waya ingejitahidi kuwa nyekundu kidogo. LED haijitahidi: ama elektroni imefika juu, ama haijafika. Tochi za LED zenye betri moja zina kisakiti cha kuinua volti, na taa nyingi za sola hutumia betri ya lithiamu ya volti 3.2 au 3.7, ambayo kimo chake kinatosha.

Kisima

Fuwele nene ina tatizo. Elektroni iliyopandishwa hutangatanga, na ikikutana na kasoro, yaani mahali ambapo atomu zimekosea mpangilio au uchafu umeingia, huteremka kimyakimya na nishati yake yote huwa joto. Taa inachemka, mwanga haba.

Dawa yake ilipendekezwa mwaka 1963 na watu wawili wasiofanya kazi pamoja: Herbert Kroemer huko Marekani na Zhores Alferov katika Umoja wa Kisovieti. Weka tabaka lenye mwanya mdogo katikati ya matabaka mawili yenye mwanya mkubwa, walisema. Elektroni zitaingia hapo kwa kuteremka, kama maji ya mvua yanavyotafuta bonde, na zile nafasi wazi zitaingia hapohapo kutoka upande wa pili. Zikibanwa pamoja mahali padogo namna hiyo, hukutana kabla ya kufikia kasoro. Wawili hao walishirikishwa tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2000.

Tabaka hilo likiwa jembamba vya kutosha huitwa kisima cha kwanta. Katika LED ya bluu, kisima kina unene wa nanomita 3 hivi, ambao ni safu kumi na kitu za atomu. Unywele wa mtu una unene wa karibu nanomita 80,000. Ungepanga visima zaidi ya 25,000, kimoja juu ya kingine, ndipo ufikie unene wa unywele mmoja. Ndani ya kisima huongezwa madini ya indiamu, na kiasi chake husaidia kuamua rangi: yakizidishwa, mwanga huelekea kijani.

Na sasa jambo ambalo kwetu sisi ndilo la kushangaza kuliko yote. Unaweza kuacha madini yaleyale, usiongeze wala kupunguza chochote ila unene, na rangi ikabadilika.

Anayelijua zeze ataelewa haraka kuliko mwenye vitabu. Mpigaji zeze wa Kigogo hukandamiza uzi kwa kidole. Sehemu inayotetemeka ikifupishwa, sauti hupanda. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo ya zeze na ilimba katika majukwaa ya dunia. Uzi uliofungwa ncha mbili hautoi sauti yoyote tu. Hutoa zile ambazo mawimbi yake yanaenea sawasawa kutoka ncha hadi ncha, na nyingine hazipatikani kwenye uzi huo.

Elektroni nayo ina tabia ya wimbi; majaribio ya mwaka 1927 yalilithibitisha hilo. Ndani ya tabaka nene, wimbi hilo halizigusi kuta. Ndani ya tabaka jembamba, elektroni inakuwa kama uzi mfupi. Hupewa vipandio vichache vya nishati, na kati ya kipandio na kipandio hapana kitu. Ukipunguza unene, vipandio hupanda na kuachana, na mwanga husogea kutoka upande wa nyekundu kuelekea bluu. Kwanta ni kile kiasi kisichogawanyika: huwezi kuwa na nusu kipandio.

Kumulika yai

Nadharia ilikuwepo miaka mingi. Ushahidi ulipatikanaje?

Mfugaji wa kuku hulijua yai bila kulivunja. Huliweka mbele ya tochi gizani, akasoma kinachoonekana ndani: mishipa midogo, au weupe mtupu. Mwaka 1974 Raymond Dingle na wenzake wawili wa maabara za Bell huko Marekani walifanya jambo la aina hiyo kwa matabaka ya galiamu asenidi. Matabaka yenyewe yalioteshwa ndani ya chemba iliyotolewa hewa yote, atomu zikitua polepole juu ya fuwele, safu kwa safu. Kwa kuwa tabaka moja humeza mwanga kidogo mno, walilirudia tena na tena, wakitenganisha kila moja na jingine kwa ukuta wa madini yenye mwanya mkubwa zaidi.

Kisha wakapitisha mwanga, rangi moja baada ya nyingine, wakipima ipi inamezwa na ipi inapita. Tabaka la nanomita 400 lilitoa matokeo ya kawaida: kuanzia rangi fulani, mwanga unamezwa, basi. Walipofikia nanomita 21 na 14, mchoro ulibadilika. Ulikuwa na vilele vilivyofuatana kama ngazi ya kupandia darini, na kila kilele kilikuwa ni elektroni ikirukia kipandio chake. Tabaka lilipokuwa jembamba zaidi, vilele viliachana zaidi, sawa na hesabu ilivyotabiri. Toka siku hiyo, vipandio ambavyo wanafunzi walikuwa wakivichora ubaoni vikawa kitu kilichopimwa.

Njia nyingine, ambayo leo hutumika hata viwandani kukagua LED kabla hazijakatwa, ni kuimulika fuwele kwa leza na kusoma rangi inayorudi. Rangi hueleza kimo cha kipandio. Upana wa rangi hueleza kama tabaka limenyooka au lina mabonde. Muda ambao mwanga huchukua kufifia baada ya leza kuzimwa hueleza kiasi gani cha elektroni kinapotelea kwenye kasoro. Katika LED ya bluu muda huo ni mabilioni machache ya sehemu ya sekunde. Kuna hata miali mifupi kupita hiyo kwa mbali sana: tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2023 ilitolewa kwa Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier kwa kutengeneza mimweko mifupi inayoweza kufuatilia mwendo wa elektroni zenyewe.

Vipimo hivi vya vipandio hupendelea baridi. Katika joto la kawaida atomu za fuwele hutikisika, na vilele vya mchoro huvurugana, kama kusikiliza ilimba katikati ya mnada. Kwa hiyo watafiti huipoza fuwele kwa gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, ambayo baridi yake ni nyuzi 269 chini ya sifuri. Hapa nchi yetu inaingia kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham vya Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina akiba kubwa ya gesi hiyo. Miamba ya kale sana iliyo chini ya Tanzania, jamaa ya majabali unayoyaona Dodoma na Singida, ina urani na thoriamu kidogo ndani yake. Atomu zake zinapomeguka, huzaa heliamu, taratibu, kwa mamilioni ya miaka. Joto la Bonde la Ufa likaifungulia njia ya kutoka.

Bluu iliyochelewa miaka thelathini

LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric. Kijani ikafuata. Bluu ikakataa, na bila bluu hakuna mwanga mweupe, kwa hiyo hakuna taa ya kusomea.

Kampuni kubwa zilijaribu galiamu nitridi zikaiacha, maana fuwele yake ilikuwa imejaa kasoro. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, hawakuiacha. Mwaka 1986 walipata fuwele safi kwa kuiotesha juu ya tabaka la awali la aluminiamu nitridi. Bado walihitaji upande wa pili wa taa, ule unaotoa nafasi wazi za kupokea elektroni, na huo uligoma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliona jambo la ajabu walipokuwa wakiichunguza fuwele kwa darubini ya elektroni: kadiri walivyoendelea kuitazama, ndivyo mwanga wake ulivyozidi. Chombo cha kuchunguzia kilikuwa kinaitibu. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo.

Aliyeeleza sababu yake ni Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia iliyoko Tokushima, mbali na miji mikubwa. Haidrojeni ilikuwa imejishika kwenye magnesi ndani ya fuwele na kuzuia kazi yake. Kuipasha fuwele joto kunatosha kuiondoa. Hiyo ilikuwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata akatoa LED ya bluu yenye mwanga mkali, na miaka michache baadaye matoleo yaliyotumia kisima chembamba yakauzidi mwanga huo. Wote watatu walipewa Nobel ya mwaka 2014.

Nyeupe ya simu yako hutokana na hapo. Chipu hutoa bluu, na juu yake umepakwa unga wa njano, lile doa tuliloliona. Sehemu ya bluu huupiga unga na kugeuka kuwa njano, nyingine hupenya. Bluu na njano zikifika machoni pamoja, ubongo husema nyeupe. (Wanaouliza kama bluu hii inapofusha: usiikodolee taa kali kwa karibu, lakini kutembea nje mchana hukupa bluu nyingi kuliko taa ya kusomea.)

Tofauti yake na moto ni kubwa kiasi cha kutilia shaka namba. Kwa kila wati ya nishati, taa ya mafuta hutoa lumeni 0.1 hivi, lumeni ikiwa kipimo cha mwanga. Balbu ya waya hutoa 16, tyubu karibu 70. LED bora za maabara zilikuwa zimefika 300 wakati tuzo ile inatolewa, na LED za kawaida madukani hutoa kama 100 au zaidi. Kibatari chote, na mafuta yake, hutoa lumeni 10 hivi. Yaani nishati ya mafuta ya taa karibu yote inakuwa joto na moshi ambao mtoto anauvuta akiwa na daftari.

Wati 200 za boksi

Sasa tunaweza kulirudia lile swali lenye uchungu, na kulijibu kwa hesabu badala ya kulalamika.

Tuseme paneli ya taa ina ukubwa wa kaunta buku, sentimita 21 kwa 30. Jua kali la saa sita mchana huangusha kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo juu ya paneli hiyo huanguka wati 63. Paneli nzuri ya silikoni hugeuza sehemu moja kwa tano kuwa umeme: wati 12. Nyanda za kati zimejaliwa. Mkusanyiko wa jua la siku nzima Dodoma ni sawa na saa tano mpaka sita za jua kali kamili. Wati 12 kwa saa tano na nusu ni wati-saa 66, na baada ya upotevu wa kuchaji na kutoa, chukua 50.

Taa inayokula wati 200 kweli ingezimaliza wati-saa 50 kwa robo saa. Hivyo ile 200 haiwezi kuwa umeme unaoliwa na taa yenye paneli ya ukubwa huo. Ni namba ya kuuzia. Lakini angalia upande wa pili. Taa ya wati 4 ingewaka saa kumi na mbili kwa umeme huohuo, na wati 4 kwa lumeni 100 ni lumeni 400, yaani vibatari arobaini.

Kwa hiyo ukiwa dukani achana na neno wati. Tazama ukubwa wa paneli. Tazama betri, kama imeandikwa: zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Betri ya volti 3.2 na mAh 6,000, ambayo ni ampea-saa 6, ina wati-saa 19. Gawanya kwa saa unazotaka taa iwake, na hizo ndizo wati zako halisi. Muuzaji akikwambia betri ndogo hiyo inawasha wati 200 hadi asubuhi, mwache amalize hadithi yake.

Wengine lakini wana taa nzuri na bado inazima mapema. Hapo elektroni za kisimani zina neno. Joto huzipa elektroni nguvu ya kuruka ukuta wa kisima na kwenda kupotelea kwenye kasoro, na juu ya hilo huichosha betri na unga wa njano. Taa yenye paneli mgongoni, iliyolazwa juu ya bati mwezi wa Oktoba, inapikwa. Iinue kwa vipande vya tofali upepo upite chini yake, na kama paneli ina waya wake, paneli ibaki juani na taa ikae kivulini. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa kitambaa chenye maji kila baada ya siku chache.

Jambo la pili ni swichi. Taa nyingi zina hatua ya mwanga mkali na ya wastani. Ukizijaza elektroni nyingi mno ndani ya kisima kimoja, zinaanza kugongana zenyewe: moja inaanguka, lakini badala ya kutoa mwanga inamkabidhi jirani nishati, na jirani anatupwa nje. Tabia hii iliwasumbua watengenezaji kwa miaka, mpaka mwaka 2013 watafiti wa Marekani na Ufaransa walipozipima moja kwa moja elektroni hizo zilizotupwa zikitoka kwenye LED iliyokuwa inawaka. Kwako maana yake ni kwamba hatua ya wastani hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila chaji kuliko hatua kali. Mtu aliyeacha taa kwenye hatua kali tangu magharibi, na paneli ikashinda chini ya mwembe, hajadanganywa na boksi peke yake.

Tabaka lilelile kwenye mkongo

Visima haviishii kwenye taa. Makala haya, kwa sehemu kubwa ya safari yake mpaka kukufikia, yalisafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari mwaka 2009, na mkongo wa taifa wa mawasiliano ukaunganisha mikoa, Dodoma ikiwemo. Mwanga unaorushwa ndani ya mikongo ya namna hiyo hutoka kwenye leza ndogo zenye visima vya kwanta, na urefu wa wimbi lake, karibu nanomita 1,550, umechaguliwa kwa sababu kioo huumeza kwa uchache kuliko rangi nyingine. Hauonekani kwa macho, kama wa rimoti tu.

Mashine za kuotesha matabaka haya ni ghali sana, na chipu za taa zetu huagizwa. Elimu ya jirani yake lakini ipo nyumbani. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetafiti kwa miaka mingi matabaka membamba ya kunasa nishati ya jua, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha fizikia. Kijana wa Mpwapwa au Manyoni anayependa somo hili hahitaji kuvuka bahari ili alianze.

Soma rangi mwenyewe

Ukiwa na CD ya zamani, fanya jaribio hili usiku. Usilifanye kwa jua, maana jua linaloakisiwa na CD linaumiza macho.

Washa kibatari au mshumaa upande mmoja wa chumba. Shika CD karibu na uso, upande unaong'aa ukielekea mwanga, uigeuze polepole mpaka uone utepe wa rangi. Utaona nyekundu na njano kwa wingi, kijani, na bluu hafifu, zote zikiungana bila kukatika. Zima, kisha washa taa ya LED, uifunike kwa karatasi ngumu yenye tundu dogo ili mwanga usitawanyike. Sasa bluu ni kali na imesimama peke yake. Baada yake kuna sehemu iliyofifia, kisha kijani, njano na nyekundu kwa upana. Ile bluu kali ndiyo mwanga wa elektroni zinazoanguka kisimani, na upana unaofuata ni kazi ya unga wa njano. Ukipata kitaa chekundu cha chaja au cha redio, kijaribu pia: kitatoa ukanda mmoja mwembamba wa rangi, kwa kuwa hakikupakwa unga wowote.